Pua ya Rafiki Yangu

Nyansiongo,
3 Februari 2025

Kwa Mama Bonareri,

Ng'ombe wanakusalimu, majani chai yanakusalimu, na mama mkwe wako Esnah angekusalimu pia kama angejua kwamba ninakuandikia. Sisi ni wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa. Simu ninayo, mumeo Ronny alininunulia, na namba yako naijua kwa kichwa. Lakini jambo lenyewe ni la mwilini, nawe ni mke wa mwanangu. Unazijua chinsoni, miiko yetu ya heshima. Baba mkwe na mkazamwana hawasemeshani habari za mwili, hata mikono hawapeani. Karatasi haioni haya, kwa hiyo nimempa Zachariah wa lori la maziwa akuletee hapo hospitalini Kisii.

Basi ni hivi. Nina rafiki. Jina lake nimeahidi kulificha. Alikwenda kwenye kliniki moja huko Suneka, mbali na kwao makusudi ili asionekane. Daktari kijana akammulika puani, akasema maneno haraka haraka, akamwandikia karatasi na kumwita mgonjwa anayefuata. Karatasi ina maneno matatu: anosmia, polyposis, septum. Rafiki yangu alipoona yalivyo marefu akajua ni saratani. Ameshaanza kuwaonyesha wanawe mipaka ya shamba.

Mimi nilifundisha sayansi miaka thelathini na moja. Pua niliichora ubaoni: matundu mawili, nywele na kamasi, kengele ikalia. Maneno haya hayakuwemo. Wewe kazi yako ni masikio, pua na koo kutwa nzima, kwa hiyo nieleze maana yake na yanavyotamkwa. Rafiki yangu anasema hayuko tayari kufa na ugonjwa asioweza hata kuutaja.

Usimwambie Ronny.

Ni mimi,
Mwl. Manasseh Mokua
(bado ninapima maziwa kituoni kila asubuhi, namshukuru Mungu)


Kisii,
6 Februari 2025

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Barua yako ilifika ikinukia maziwa, nami nikaisoma mara mbili kabla ya chai. Pole kwa rafiki yako. Mwambie kwanza airudishe ile mipaka ya shamba mahali pake, hatakufa mwaka huu kwa sababu ya maneno hayo matatu.

Anosmia. Sema a-nos-mia, usiweke irabu kati ya s na m, zipitishe kwa pamoja. Ni Kigiriki: "an" ni bila, "osme" ni harufu. Mtu hanusi. Hiyo si hukumu, ni habari tu, kama kusema mtu fulani hasikii vizuri.

Polyposis. Po-li-po-sis. Ni vinyama laini vinavyoota ndani ya pua na kuziba njia ya hewa. Wagiriki waliviita "wenye miguu mingi". Nimeviona mamia, Tata. Havina miguu. Vinafanana na vipande vya chungwa lililomenywa, vinang'aa, na mara nyingi haviumi. Vikiwa pande zote mbili kwa kawaida si saratani, na vina dawa. Vikiwa upande mmoja tu, hapo mtu asichelewe hata wiki. Kwa hiyo muulize rafiki yako: ni tundu moja au yote mawili?

Septum. Sep-tam. Huo ni ukuta wa katikati unaotenganisha tundu na tundu. Wa rafiki yako umepinda. Wangu pia umepinda, na wa Ronny umepinda kuliko zote, ndiyo maana anakoroma.

Nakuongezea moja la bure: rhinitis. Sema ri-nai-tis. Herufi h imekaa tu kama mgeni asiyezungumza. Maana yake ni pua iliyowaka, ile ya kupiga chafya na kutiririka.

Sasa swali langu, Tata. Huyo rafiki yako anafanya kazi gani?

Mkazamwana wenu,
Joyline


Nyansiongo,
14 Februari 2025

Kwa Mama Bonareri,

Mungu akuongezee siku! Nilisoma barua yako nikiwa zizini nikapiga kelele hadi ng'ombe akapiga teke ndoo. Rafiki yangu amefurahi mno. Ni matundu yote mawili, yameziba sawasawa kwa haki. Mipaka ya shamba imerudi ilipokuwa, na wanangu wa kiume, yaani wanawe, wameanza kuuliza maswali.

Maneno nimeyashika. Ninayasema kila asubuhi nikikamua: a-nos-mia, chuu, po-li-po-sis, chuu. Ndama aliyezaliwa juzi nimempa jina Septamu kwa sababu hupenda kusimama katikati ya mlango, kushoto hupiti na kulia hupiti. Sabato iliyopita mzee Onyiego alipiga chafya mara nne wakati wa maombi. Nikamnong'oneza, "Ndugu, hiyo ni rinaitis." Masikini alitoka akaenda kukaa nje chini ya dirisha, akakataa kumpa mtu yeyote mkono mpaka nilipomweleza maana yake. Neno lina nguvu kweli.

Umeuliza kazi ya rafiki yangu. Ni kazi ya kawaida inayohitaji pua kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, ni mwerevu. Miaka miwili sasa hanusi kitu na hakuna aliyegundua. Anawatazama watu machoni. Mtu akileta kitu kizuri anakutazama moja kwa moja. Mwenye kitu kibaya huangalia kando. Rafiki yangu anafanya kama ananusa, kumbe anasoma uso. Mwalimu aliyesimamia mitihani miaka mingi anamjua mwenye kuibia, hata umfunge kitambaa.

Kwa hiyo hospitali inaweza kusubiri kidogo. Niletee maneno mengine.

Wako,
Mwl. Manasseh


Kisii,
18 Februari 2025

Kwa Tata,

Nimecheka mpaka muuguzi wetu akaja kuangalia kama niko salama. Mpe pole mzee Onyiego.

Haya, maneno. Juu kabisa ndani ya pua kuna mfupa unaoitwa ethmoid, eth-moid, ulimi uguse meno. Kwa Kigiriki maana yake ni "kama chujio". Una vitundu vidogo vidogo, na mishipa ya kunusa hupita humo kwenda kwenye ubongo, kama maziwa yanavyopita kwenye chujio lako. Na kile kibonde kidogo kati ya pua na mdomo wa juu kina jina: filtramu. Watu wa kale walikiita "dawa ya mapenzi". Sijui ni kwa nini na sitauliza zaidi, maana ninayemwandikia ni baba mkwe.

Lakini Tata, sasa nitasema kama daktari. Mwambie rafiki yako kwamba macho si pua. Watu huangalia kando kwa sababu elfu. Siku moja ataumiza mtu asiye na kosa, na hilo litamuuma kuliko polipi, vile vinyama vyake. Kuna methali ya Waswahili kuhusu mtu anayeficha kitu na asivyoweza kuzaa. Siwezi kuiandika yote kwako, chinsoni zitanikaba koo. Lakini wewe ni mwalimu, unaijua.

Aje. Siyo lazima anione mimi. Yuko mwenzangu, Omosa, mwanamume, mpole, atamwangalia.

Mkazamwana wenu,
Joyline


Nyansiongo,
9 Machi 2025

Kwa Mama Bonareri,

Sikukuandikia wiki tatu kwa sababu rafiki yangu alikuwa na kiburi. Sasa hana.

Kalamu imechoka kusema uongo. Rafiki ni mimi. Najua ulijua. Nashukuru ulivyonistahi.

Sikiliza nilichofanya. Ile spiriti yetu ya kupimia maziwa iliisha Januari, kwa hiyo kituo kizima kinategemea pua yangu. Nafungua kifuniko, nainama, nanusa, nasema pita au rudi. Jumanne asubuhi alikuja Lavender, mke wa Nyangate, yule mtoto wa kiume wa marehemu kaka yangu. Aliolewa mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuleta maziwa mwenyewe. Nikafungua mkebe wake, nikamtazama usoni. Akaangalia kando, akaangalia chini, akaangalia nguzo. Nikasema, "Haya yamechacha," nikayamwaga chini mbele ya watu wote, lita tisa.

Akasema kwa sauti ya chini, "Tata, yangu iko sawa. Hiyo inanuka ni ya nyuma."

Nyuma yake alikuwa Mose. Mose alinitazama machoni kwa tabasamu pana, akaniuliza habari za Esnah. Nikapitisha maziwa yake. Mchana kiwanda kikarudisha tangi zima, lita mia sita.

Nilikaa pale kituoni nikifikiri kwa nini msichana yule aliangalia kando, mpaka jibu likanipiga kofi. Mimi ni baba mkwe wake! Angenitazamaje machoni? Aliangalia kando kwa sababu alilelewa vizuri. Nilimwadhibu kwa adabu yake.

Na unajua watu wanasema nini? Wanasema, "Afadhali mwalimu aliyakataa yale ya Lavender, hasara ingekuwa kubwa zaidi." Wananisifu! Wanawake wanasema haoshi viwele. Mama mkwe wake amemnyang'anya kazi ya kukamua. Juzi nilimwona akichota maji peke yake, wenzake wamemtangulia.

Naona aibu, Mama Bonareri. Nikisema ukweli ninapoteza kazi na jina la miaka yote. Nikinyamaza anapotea yeye. Nifanye nini?

Manasseh


Kisii,
11 Machi 2025

Kwa Tata,

Unajua la kufanya. Unataka tu mtu akuambie, basi nakuambia: kwanza Lavender, halafu pua. Usije kwangu na pua kabla hujalirudisha jina la yule msichana. Mimi pia niliingia boma hilo nikiwa mgeni, na siku ya kwanza nilivunja chungu cha mama. Ulisema mbele ya wote kwamba ni wewe uliyekiweka vibaya. Sijakusahau kwa hilo na sitakusahau.

Jumatano tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi. Omosa atakuwepo.

Nakupenda, Tata. Hilo naweza kuliandika.

Joyline


Nyansiongo,
16 Machi 2025

Kwa Mama Bonareri,

Imekwisha. Leo Jumapili tulikuwa na mkutano wa wanachama wa kituo. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, mimi nina anosmia."

Mwenyekiti Ombui akasogeza kiti chake nyuma, akauliza, "Mwalimu, hiyo inaambukiza?"

Nikawaeleza maana, na kwamba maziwa ya Lavender niliyamwaga bila kunusa kitu, nikawafundisha na kutamka. Wanachama wote wakaitikia pamoja: a-nos-mia! Lakini hawakuniamini. Walidhani nimelipwa nimtetee Lavender. Ombui akanifunga macho kwa skafu ya mkewe, akaniletea kikombe puani. Nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote, nikasema, "Maji." Watu wakaguna. Yalikuwa mafuta ya taa.

Hapo kicheko kikavunja paa. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa nalia. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana.

Wakamwita Lavender. Vikombe vitano vya maziwa, kimoja cha jana. Macho yake yalikuwa chini wakati wote. Hakukiinua hata kikombe kimoja, alipita tu mbele ya vikombe, akasema, "Ni hii ya nne. Na hii ya pili ng'ombe amekula kitunguu." Mwenye maziwa ya pili akapiga kofi la mshangao. Mose alikuwa ameshatoka mlangoni.

Nikamwomba msamaha mbele ya kila mtu, kwa sauti ya darasani ili wa nyuma wasikie. Nikaweka kifuniko cha mkebe mikononi mwake, kuonyesha kwamba mpimaji sasa ni yeye. Shemeji yangu, mama mkwe wake, alisimama akamshika mkono, wakaenda nyumbani pamoja. Kazi ya kukamua amerudishiwa.

Esnah alipopata habari alinimiminia chai. Kisha akasema, "Wewe mzee, mwaka jana ulikunywa chai ya maziwa yaliyoungua wiki nzima nikakuachia nione." Alijua! Siku zote alijua.

Jumatano nitakuja kumwona Omosa.

Manasseh, asiye na kazi, mwenye usingizi mzuri


Kisii,
20 Machi 2025

Kwa Tata,

Ninakuandikia ili historia ikae sawa, maana najua utaisimulia vingine.

Ulifika saa tatu na nusu, umevaa suti ya Sabato. Omosa aliitwa chumba cha upasuaji dakika kumi kabla. Nikakuambia usubiri, ukasema ndiyo. Ikafika saa saba. Mimi nimesimama upande wa ndani wa mlango, wewe upande wa nje, hakuna anayemtazama mwenzake, na wagonjwa wote wanatutazama sisi.

Kisha ukaingia, ukakaa kwenye kiti, ukafumba macho, ukasema, "Mimi niko nje. Nimemsindikiza tu rafiki yangu."

Tata, karibu nidondoshe taa. Nikakiambia kile kiti, "Karibu, rafiki wa Tata. Inua kichwa kidogo." Rafiki yako ni mgonjwa mzuri kuliko wote niliowaona mwezi huu. Aliuliza jina la kila chombo na kila nilichokiona. Nilipomwambia kile kikunjo kilicholala kando kinaitwa konka, yaani kombe la baharini, alilirudia mara tatu huku nikiwa nimeshika pua yake, likatoka vibaya mara zote.

Nilichoona: polipi pande zote mbili, laini, za rangi ya kawaida. Hakuna cha kutisha. Omosa alizitazama jioni kwenye picha, amekubali. Vidonge siku kumi, asubuhi baada ya kula. Dawa ya kupuliza kila siku, kila tundu, elekeza upande wa sikio na siyo kwenye ukuta wa katikati. Isiposaidia baada ya miezi miwili tutazungumza habari ya upasuaji. Siwezi kuahidi kwamba harufu itarudi. Wengine huwarudia, wengine haiwarudii. Naomba tu.

Ulipotoka, ulisimama nje ya mlango ukauliza kwa sauti, "Daktari, rafiki yangu anaendeleaje?" Muuguzi wetu hajapona kicheko hadi sasa.

Joyline


Nyansiongo,
28 Aprili 2025

Kwa Mama Bonareri,

Nimefuata dawa kama ratiba ya shule. Vidonge viliisha, nikaendelea kupuliza. Hewa ilianza kupita, usingizi ukawa mtamu, Esnah anasema nimeacha kukoroma. Lakini harufu, hakuna. Nilinusa sabuni, nikanusa kahawa, nikanusa soksi zangu mwenyewe. Hakuna. Nikajiambia, Manasseh, umeishi miaka sabini na mbili, miaka sabini ulinusa, mshukuru Mungu kwa hiyo. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka uhuzunike.

Kituoni Lavender ndiye mpimaji sasa. Wanachama walipiga kura na hata mimi nilimpigia. Tangi halijarudishwa hata mara moja. Wenye maziwa mabaya wamehamia Magwagwa kujaribu bahati huko. Mimi napanga foleni na mkebe wangu kama mtu mwingine yeyote, na Lavender hunipima huku akitazama nguzo.

Leo asubuhi nilichelewa. Kwa haraka nilichanganya maziwa ya jana jioni na ya leo. Nikafika, nikaweka mkebe. Lavender akafungua. Akainama. Akainama tena. Foleni ikasogea karibu, kwa sababu ni mimi.

Kisha yule msichana akainua uso, Mama Bonareri. Akanitazama machoni moja kwa moja, mbele ya watu wote, akasema, "Tata, hii imechacha. Rudisha."

Ombui alikuwa ameshaanza kusema, "Sasa Lavender, huyu ni mwalimu..." Mimi nikainama juu ya mkebe ili tu nisionyeshe uso wangu.

Ikaja. Kwanza kama kuchomwa na sindano nyembamba katikati ya macho, kisha ikafunguka, chungu, kali, nzito, mbaya kabisa! Nikavuta tena. Mbaya zaidi! Nikapiga kelele, "Yamechacha! Kweli yamechacha!" Ombui akadhani nimekasirika, akakimbia kunishika mkono. Nikamkumbatia. Nikaubeba mkebe kwenye foleni nzima, mtu mmoja mmoja, nikawaambia wanuse, na kila mmoja akakunja uso na kusema ndiyo, mwalimu, yamechacha, na kila aliyesema hivyo nilimshukuru.

Lavender alikuwa anacheka, mkono mdomoni. Nikamwambia, "Mwanangu, umepima vizuri."

Nimerudi nyumbani na mkebe uliojaa. Esnah yuko mlangoni, anauliza ni kwa nini maziwa yamekataliwa na mimi ninaimba.

Tata yako,
Manasseh